Jelatini, gamu arabika na chumvi: jinsi ya kuona chaji zikivutana kwenye glasi, hatua kwa hatua

Kila muhula, wiki kama tatu hivi kabla ya saiensi kongresi, yale mashindano ya miradi ya sayansi ya shule, simu yangu inaanza kulia na maswali ni yale yale. Mwalimu, yangu imekataa kugeuka maziwa. Mwalimu, chumvi niweke kijiko ama nusu? Mwalimu, imeganda yote kama jeli sijui nimekosea wapi. Vijana wa Kisumu wanauliza, wa Kakamega wanauliza, wa Nakuru ndo wanauliza zaidi na wao wana shida yao ya maji nitaieleza huko chini, kwa hivyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja, usome kwanza mpaka mwisho ndo uwashe jiko.

Kazi yenyewe ni hii. Tunachukua molekuli mbili kubwa, moja ikiwa na chaji ya umeme iliyo chanya na nyingine iliyo hasi, tunazichanganya ndani ya maji ya vuguvugu, zinashikana na maji yanageuka meupe kama maziwa. Halafu tunaongeza chumvi kidogo kidogo kwenye glasi sita, na glasi zile zenye chumvi nyingi zinarudi kuwa safi. Hakuna rangi imeongezwa, hakuna kitu kimechomwa, ni chumvi ya meza tu imeficha chaji. Mimi hii kitu nimeifanya mara nyingi sana na bado ile dakika glasi inaposafika mbele ya macho huwa nasimamisha mazungumzo.

Nadharia, kidogo tu ya kukutosha

Jelatini ni protini, inatolewa kwa ngozi na mifupa. Kila protini ina pH yake ya usawa (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka maji yanakuwa makali zaidi): ukiwa juu ya hiyo pH protini inakuwa hasi, ukishuka chini yake inakuwa chanya. Jelatini ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa chokaa mara nyingi usawa wake uko karibu na pH 5, ile iliyotengenezwa kwa asidi, sana sana ya nguruwe, uko kati ya 7 na 9. Gamu arabika, ile gundi inayotoka kwa mgunga huko Turkana, Samburu, Isiolo na Marsabit, yenyewe inabaki hasi mpaka maji yawe makali kabisa. Kwa hivyo ukifika pH kama 4, jelatini ni chanya, gamu ni hasi, zinavutana, zinajikusanya kwenye vitone vidogo vizito. Vitone hivyo vinaitwa koasaveti. Wanakemia Bungenberg de Jong na Kruyt ndio waliipa hii tabia jina lake mwaka 1929, na kwenye miaka ya 1950 Barrett Green wa National Cash Register, kampuni ya Marekani, akatumia jelatini na gamu hizi hizi kufunika vitone vya wino, ndo tukapata zile karatasi za risiti unaandika juu inatokea chini bila kaboni katikati.

Sasa chumvi inaingilia wapi? Fikiria umesimama stage ya Kisumu saa kumi na moja asubuhi, hakuna watu, ndugu yako akiwa ng'ambo ile mnaonana na mnaitana. Rudi saa mbili, makanga, mabodaboda, mama wa mayai, wasafiri na mizigo, sai ndugu yako lazima awe hatua mbili kutoka kwako ndo ujue yuko. Ioni za chumvi, yaani zile chembe zenye chaji ambazo chumvi inaachana kuwa ikiyeyuka, zinafanya hivyo. Zinajaa kando ya kila chaji mpaka chaji ya mbali haisikiki. Umbali ambao chaji bado inasikika unaitwa urefu wa Debye (Debye na Hückel walitoa hesabu yake 1923), na kwa chumvi ya meza kwenye maji ya nyuzi 25 unachukua 0.304 unagawanya kwa kipeuo cha pili cha mola kwa lita (mola ni kipimo cha idadi ya chembe, hapa kinaonyesha chumvi ni nyingi kiasi gani), unapata nanomita. Mola 0.01 inakupa kama nanomita 3. Mola 0.1 inakupa kama 1. Umeongeza chumvi mara kumi, umbali umepungua mara tatu na kidogo.

Kitu kingine, molekuli hizi zikishikana zinaachilia ioni ndogo zilizokuwa zimezizingira, na huko kuachiliwa nako kunazisaidia kushikana. Maji yakiwa tayari yamejaa ioni, hiyo faida inapungua. Basi, nadharia imetosha.

Vitu vya kutafuta kabla hujaanza

- Jelatini ya unga isiyo na ladha. Iko kwa maduka ya vifaa vya keki. Usiniletee ile jeli ya watoto ya rangi nyekundu, hiyo ni sukari na asidi na rangi, itaharibu kila kitu.
- Gamu arabika, ya unga ama ya vipande. Vipande vinafanana na kaharabu na huwa na maganda ya mti ndani, ni sawa, tutachuja.
- Vinega nyeupe. Ya kahawia hapana, limau pia hapana kwa sababu lina vitu vyake vingine.
- Chumvi ya meza ya kawaida.
- Chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) kama utaipata kwa kemisti ama agroveti, si lazima.
- Maji yasiyo na chumvi, kama lita 2. Haya nitayarudia.
- Karatasi za pH zinazosoma 3 mpaka 6.
- Sirinji bila sindano: moja ya ml 1, moja ya ml 5, na moja ya ml 20 ama silinda ya kupimia.
- Mizani ndogo inayosoma gramu 0.1, themomita, beseni, na thamosi ya maji moto.
- Glasi sita zinazofanana kabisa, na zingine chache za pembeni.
- Ukurasa wa gazeti.

Kuhusu maji. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi, baada ya mvua kuosha paa kwanza, ni mazuri sana na huku Kisumu mvua si shida. La sivyo nenda petroli stesheni ununue maji ya betri, yaani yale yaliyosafishwa yakatolewa madini. Soma chupa mara mbili. Maji ya betri na asidi ya betri vinaweza kuwa kwa rafu moja na chupa zinafanana, na ile asidi ni salfuriki, inachoma ngozi na macho. Kama huwezi soma lebo vizuri, acha hiyo chupa hapo.

Na usitumie maji ya kisima, sana sana kama uko Nakuru. Tulikuwa shule moja kule, tukatumia maji ya kisima cha shule kwa sababu yalikuwa yanaonekana safi kama kioo, tukaweka vinega kijiko, viwili, vitano, maji yanatoa mapovu madogo tu na pH haishuki. Maji ya visima vingi vya bonde la ufa yana bikaboneti nyingi, madini yanayoua asidi, ndiyo hiyo ilikuwa inakula vinega yetu. Shida haikuwa kupoteza vinega peke yake. Kila vinega ikiliwa hivyo inabaki chumvi nyingine, asetati ya sodiamu, kwa hivyo tulipofika pH 4 hatimaye, maji yalikuwa tayari na chumvi ambayo hakuna mtu alikuwa ameipima. Wanafunzi waliandika kwa daftari "chumvi sifuri". Haikuwa sifuri.

Hatua

1. Gamu, usiku wa kuamkia. Pima gramu 3, weka kwa ml 300 za maji, funika uache mpaka asubuhi. Asubuhi koroga uchuje na kitambaa cheupe safi. Napenda gramu 3 kwa ml 300 kuliko gramu 1 kwa ml 100, juu mizani hizi ndogo ukizipimia gramu moja zinakosea sana.

2. Jelatini. Nyunyiza gramu 3 juu ya ml 100 za maji baridi. Usikoroge kwa nguvu, iache dakika 10 ivimbe iwe kama mchanga uliolowa. Kisha ongeza ml 200 za maji ya nyuzi kama 60, koroga pole pole mpaka iwe wazi. Usiichemshe hata siku moja. Jelatini ikichemka muda mrefu minyororo yake inakatika na itashikana vibaya.

3. Beseni la joto. Weka chupa zote mbili kwa beseni lenye maji ya nyuzi 45, na utakuwa unaongeza maji ya thamosi kila yakishuka. Kaa kati ya 40 na 45 kazi yote. Ukienda chini ya 30 jelatini inaanza kuganda, na hapo hutajua kama unaangalia chaji ama unaangalia jeli. Wa Kisumu mna bahati, wa Nakuru asubuhi kuna baridi, funga dirisha.

4. Maji ya chumvi. Pima gramu 5.8 za chumvi, yeyusha, ongeza maji mpaka yafike ml 100. Hiyo ni mola 1 kwa lita. Kama mizani imekataa, kijiko cha chai cha chumvi laini kilichosawazishwa na kisu ni karibu gramu 6, utakuwa karibu. Ukiona ukungu kidogo ni ile dawa inayozuia chumvi kushikana, acha itulie utumie ya juu.

Hapa nisikike vizuri: chumvi si magadi, na si munyu wa majivu. Kuna mtu wa Vihiga alinipigia akisema jaribio limefaulu vizuri sana, glasi zote zimesafika na tone moja, kumbe ametumia magadi ya kupikia mboga. Magadi yanapandisha pH, jelatini inarudi kuwa hasi, sasa zote mbili ni hasi na zinasukumana. Matokeo kwa macho ni yale yale lakini sababu ni nyingine kabisa, na jaji yeyote makini atakuuliza pH ya glasi ya mwisho ilikuwa ngapi.

5. Glasi za ushahidi. Wengi wanaruka hii. Weka ml 20 za jelatini peke yake kwenye glasi, na ml 20 za gamu peke yake kwenye nyingine, kila moja uteremshe na vinega mpaka pH 4. Zote mbili zinafaa kubaki bila weupe wa maziwa. Jelatini ya ng'ombe inaweza kuwa na ukungu mwepesi ikipita pH 5, hapo ndo chaji zake zinalingana na inajishika yenyewe, endelea kushuka. Bila hizi glasi mbili huwezi kumwambia mtu kwamba weupe umetokana na *hizo mbili kukutana*.

6. Kuchanganya. Mimina ml 100 za jelatini na ml 100 za gamu kwenye jagi moja iliyo ndani ya beseni. Pima pH, mara nyingi iko 5 na kitu na mchanganyiko ni wazi ama una ukungu kidogo. Sasa ongeza vinega ml 1, koroga, pima. Tena ml 1. Utaona mawingu yanaanza pale tone linapoangukia na kupotea, halafu yanakataa kupotea, halafu jagi lote linakuwa jeupe. Simama ukifika pH 4. Kwangu huwa inachukua ml 5 mpaka 8, yako itategemea jelatini yako. Usiende mbio, ukipitiliza chini ya 3 gamu nayo inaanza kupoteza chaji yake na weupe unapungua.

Kama shule iko na hadubini weka tone moja kwa kioo haraka kabla halijapoa. Utaona viduara safi, vingine vinagusana na kuungana kuwa kimoja, polepole, kama mafuta juu ya supu. Hiyo picha pekee inastahili safari.

7. Kugawa na kuweka chumvi. Koroga jagi kila unapochota, nasema *kila* unapochota, kwa sababu vitone vinazama na glasi ya mwisho itakuwa na vingi kuliko ya kwanza. Weka ml 20 kwa kila glasi, glasi zikae kwenye beseni, halafu:

Glasi A: chumvi 0, maji ml 5.
Glasi B: chumvi ml 0.25, maji ml 4.75. Hiyo inakuwa mola 0.01.
Glasi C: chumvi ml 0.5, maji ml 4.5. Mola 0.02.
Glasi D: chumvi ml 1.25, maji ml 3.75. Mola 0.05.
Glasi E: chumvi ml 2.5, maji ml 2.5. Mola 0.1.
Glasi F: chumvi ml 5, bila maji. Mola 0.2.

Unaona kila glasi imeongezewa ml 5 jumla. Ukiweka chumvi bila kusawazisha na maji, glasi F itakuwa imezimuliwa kuliko A, na mtu atakwambia imesafika kwa sababu ya maji tu, na atakuwa na haki. Hiyo ml 5, ya maji na ya chumvi, iwe na joto kama ya beseni.

8. Kusoma. Koroga zote, subiri dakika 5, simamisha gazeti nyuma ya glasi uangalie herufi. Andika kwa kila glasi: herufi hazionekani kabisa, zinaonekana kama kivuli, ama zinasomeka. Piga picha zote sita kwa mwanga mmoja. A na B zinafaa kuwa nyeupe. C inaweza kuwa kama B, wakati mwingine hata nzito kidogo, usishtuke. Kuanzia D unaona mabadiliko, na F unafaa kusoma gazeti. Mpaka hasa uko wapi inategemea jelatini, yako inaweza kuhama glasi moja juu ama chini, usibadilishe data ifanane na yangu.

9. Kurudisha. Hii ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Chukua glasi E iliyosafika, ongeza ml 75 za maji ya nyuzi 40 yenye tone mbili tatu za vinega, ukihakikisha pH bado ni 4. Chumvi sasa imeshuka kutoka mola 0.1 hadi 0.025, na weupe unarudi. Utakuwa mwepesi, kwa sababu jelatini na gamu nazo zimezimuliwa mara nne, lakini unarudi. Maana yake molekuli hazikuharibika, chaji zao zilikuwepo muda wote, zilikuwa tu hazisikiani.

10. Epsom, kwa mwenye hamu. Gramu 2.5 kwa ml 100 inakupa karibu mola 0.1. Weka ml 1.25, 2.5 na 5 kwa glasi tatu mpya zenye ml 20 za mchanganyiko wa jagi, usawazishe na maji vile vile. Mola ni chache sana kuliko za chumvi ya meza lakini utaona zinasafisha mapema, kwa sababu magnesiamu na salfeti kila moja ina chaji mbili, na kwenye hesabu ya nguvu ya ioni, yaani ioni zote zinaficha chaji kiasi gani, chaji inapigwa mraba. Kwa makaratasi mola moja ya Epsom ni sawa na nne za chumvi ya meza. Kwenye glasi haifiki nne kamili, juu baadhi ya hizo ioni zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Ikikataa

*Hakuna weupe kabisa.* Pima pH kwanza kabla hujanipigia. Ikiwa juu ya 4.5, ongeza vinega. Ikiwa ni 4 kweli na bado ni maji tu, shida ni chumvi iliyojificha: maji ya kisima, glasi iliyooshwa na kuachwa na chumvi, ama jelatini yenye chumvi yake ndani. Rudia na maji ya betri na glasi zilizosuuzwa kwa maji hayo hayo.

*Weupe ulikuja kabla hata ya vinega.* Jelatini yako labda ni ile ya usawa wa pH 7 mpaka 9, tayari ni chanya. Hakuna kosa. Andika pH uliyoanzia na uendelee.

*Kuna nyuzi nyuzi na mabonge badala ya maziwa.* Ama umemwaga vinega yote mara moja mahali pamoja, ama beseni limepoa. Pasha hadi 45, koroga. Mabonge yakiyeyuka ilikuwa baridi, yakikataa anza upya.

*Weupe umezama chini na juu pamesafika.* Hiyo si chumvi, ni koasaveti imetulia. Chini utaona tabaka zito kama asali nyembamba. Koroga kabla ya kusoma gazeti. Wengi wanadanganyika hapa na wanaandika kwamba glasi A imesafika.

*Glasi zote sita ni nyeupe sawa.* Maji yako ya chumvi hayakuwa mola 1. Angalia kama ulipima gramu 5.8 ama 0.58.

*Glasi zimesafika lakini pH imepanda juu ya 5.* Hujajaribu chumvi, umejaribu pH. Kuna kitu cha alkali kimeingia, mara nyingi ni sabuni ama magadi.

*Imenuka kesho yake.* Jelatini ni chakula cha bakteria na joto la Kisumu linaisaidia. Yaliyobaki weka kwa friji siku moja, yapashe joto pole pole kwenye beseni yayeyuke ndo utumie, baada ya hapo mwaga. Na vyombo vyote vya jikoni ulivyotumia visuuze kwa maji moto kabla havijapoa, jelatini ikigandia kwa sirinji hutaweza kuisukuma tena.

Ukinipigia niambie mambo matatu kwanza: maji ulitoa wapi, pH ya glasi A na ya glasi F, na joto la beseni.